Video Uliyoniambia Niifute

Mama,

Shikamoo. Nimefanya ulilonikataza, na heri ulisikie kwangu mwenyewe.

Tangu tukuzike hapa Kharumwa mambo yanakwenda hivyo hivyo. Mpunga wa bondeni umetoka vizuri. Kuku wako wamehamia kwa jirani, maana ndiko wanakolishwa. Mimi bado nachapa barua za watu pale steshenari. Masanja ndiye hajatulia. Ulipofariki alikuwa na lori Kongo. Alifika Isaka, akaliacha pale, akakimbilia huku na kukuta udongo wa kaburi umeshakauka. Tangu hapo kila akija nyumbani ana ombi moja: "Dada, nionyeshe Mama."

Nimwonyeshe nini? Picha zako zote nilizihamishia kwenye kompyuta, halafu umeme ukakatika, ukarudi kwa nguvu, mashine ikafa. Nikaipeleka Geita kwa fundi, akaifufua. Picha za Krismasi zilirudi nusu, chini yake kijivu kitupu. Ile video yako ukicheza siku ya mavuno kanisani inakwama kabla hujainua mguu. Nililia pale dukani kwake bila haya. Akanituliza: "Usilie, dada. Kuna moja nzima kabisa. Ilikuwa imefutwa, nikairudisha." Alitegemea nimshukuru.

Mama, ni ile ya uji. Umekaa mkekani, kichwa wazi, mabega yamebaki mifupa, nami nakunywesha huku simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai ikirekodi. Mjinga mimi. Unasema, "Zima, ng'wanone, mwanangu. Masanja asinione hivi." Kesho yake ukauliza kama nimeifuta. Ilikuwa tayari kwenye kompyuta, nikaifuta mbele yako, nawe ukavaa miwani kuhakikisha, maana ulinijua.

Sasa Masanja amekaa mbele yangu, na hiyo ndiyo sauti yako pekee iliyobaki. Nilitaka kumwambia hakuna kitu, nikashindwa. Nikaigeuzia kompyuta ukutani, nikamwekea asikilize tu. Alipokusikia ukitaja jina lake akalia, mtu mzima na ndevu zake. Nilidhani atainuka aigeuze. Hakuinuka. Alisema tu, "Mama kakataa," akaniomba nirudie. Tukarudia mpaka chaji ikaisha.

Fundi amenitolea sauti peke yake, na Masanja anasafiri nayo kwenye simu. Picha nimeifuta tena. Lakini kwanza niliitazama, mara nyingi, mlango nimeufunga, na hilo ndilo linaloniuma. Ulimtaja Masanja, lakini nilijua hukutaka hata mimi nikukumbuke hivyo. Nilikuwa na hamu na wewe, Mama. Sina utetezi mwingine.

Asubuhi alipokuwa anarudi Isaka, begi begani, aligeuka akaniuliza, "Dada, alikuwa amekonda sana?"

Nikamjibu, "Hapana. Kidogo tu."

Akanitazama sana, kisha akasema asante.

Pumzika, Mama. Uongo huo nimeuanza kwa ajili yako, na nakuahidi sitauacha, hata akiniuliza tukiwa wazee.

Mwanao,
Kabula