Kompyuta ya Mashimba na Maji ya Baraka

Truphosa, nimetoka kwa Teodora sasa hivi, huku Buswelu. Bado siamini.

Unaikumbuka kompyuta ya marehemu mume wake, Mashimba, ile aliyoinunua miaka ya tisini, biashara huria ilipoanza. Leo mwanawe Paulo kaiwasha, watoe wimbo wa mwisho alioutunga baba yake. Kwaya wanautaka, na haupo mahali pengine.

Ikatoa moshi. Moshi, Truphosa.

Paulo akaifungua, ndani kutu tupu. "Mama, nani alikuwa anaimwagia maji?"

Kila Jumamosi Teodora anaivua kile kitambaa cha kufuma, anafuta vumbi, ananyunyiza maji ya baraka, anaifunika. Miaka yote hiyo.

"Ni mimi, baba. Hata kaburi la baba yako nalinyunyizia hayo hayo."

Paulo akaibeba hadi kwa fundi, kule Mabatini, akarudi mikono mitupu. "Fundi anasema hakuna kilichopona."

Basi Teodora akaanza kuuimba mwenyewe, Paulo anaandika. Ubeti wa kwanza ukaja wote. Wa pili akafungua mdomo, akaufunga.

Nimemwacha ameketi hapo, kitambaa kimekunjwa mapajani, na Paulo bado ameshika kalamu.