Mpaka Aulizwe Tena

Mbulu, 4 Machi 2024

Baba, shikamoo. Mimi ni mzima. Natumaini wewe na mama hamjambo, na yule ndama mweusi amepona.

Baba, naomba uje unichukue. Mwalimu Mwita wa Kiingereza alitufundisha neno "dull". Alisema ni kisu kisichokata, siku ya mawingu, au mtu mwenye kichwa kizito. Akaniambia nitunge sentensi. Nikatazama chini. Akasema, "Basi natunga mimi: Monica is dull." Darasa zima likacheka. Sasa hata bwenini ndilo jina langu. Sanduku nimeshafunga.

Binti yako, Monica

Balangdalalu, 13 Machi 2024

Marahaba mwanangu. Sisi hatujambo. Ndama amepona, anatusumbua tu.

Barua yako imenichoma. Wewe unayewajua ng'ombe wote kwa majina ndio kichwa kizito? Ila ukirudi, baba yako mkubwa Yoakimu ana watu tayari wa kukuposa. Namzungusha kwa sababu uko shule. Kwa hiyo niambie kweli: jibu ulikuwa nalo?

Baba yako, Gidabuday

Mbulu, 19 Machi 2024

Baba, shikamoo. Pole na kazi.

Nilikuwa nalo. Lakini mwalimu ni rika lako. Ulinifundisha nikiulizwa na mwanaume wa rika lako niinamishe macho, ninyamaze mpaka aulize mara ya pili. Yeye haulizi mara ya pili.

Monica wako

Balangdalalu, 27 Machi 2024

Marahaba mwanangu. Huku salama, mvua inanyesha.

Nimecheka, halafu nikaona huruma. Huyo mwalimu katoka Mara, atajuaje mambo ya kwetu? Siji kukuchukua. Nasema mbele ya mama yako: darasani jibu hapo hapo, umtazame usoni. Ukirudi nyumbani, macho chini kama kawaida. Mimi nitakuuliza mara mbili.

Baba yako

Mbulu, 9 Aprili 2024

Baba, shikamoo. Mimi mzima kabisa. Msalimie mama.

Jana mwalimu aliuliza nani analikumbuka lile neno. Nilisimama, nikamtazama usoni. Nikasema kwa Kiingereza kwamba kisu cha baba yangu si dull, na mimi si dull, nilikuwa nangoja aniulize tena. Hakuna aliyecheka. Nikauliza, "Nimekosea, mwalimu?" Mwalimu aliinamisha macho, akanyamaza.

Nikamuuliza mara ya pili: "Nimekosea, mwalimu?"

Akasema, "Hapana, Monica. Mimi ndiye niliyekosea."

Sanduku nimefungua.

Binti yako, Monica