Hapo ya o Moja

Mama mpendwa,

Supa, kama Wamaasai wa huku wanavyosalimia, kutoka Loitokitok! Baridi ya huku imenifanya nivae sweta yako mchana, ile niliyokataa kubeba ukaificha kwa begi. Kesho mimi na wenzangu tunapanda njia za mlimani. Anayetuongoza ni Mama Naserian, muuza nyanya wa hapa sokoni, na huyo nimemvulia kofia.

Nilimwuliza maji yako wapi. "Ni hapo." Msitu unaishia wapi? "Ni hapoo." Na pango la kulala? Akainua kidevu: "Ni hapoooooo." Mimi na ualimu wangu nikaandika "hapo" mara tatu, nikapanga kila mtu abebe chupa moja ya maji. Alipoisoma ile karatasi alicheka mpaka akaweka kikombe cha chai chini. "Mwalimu, hapo zako zote ni fupi. Mtakufa kiu!" Akachukua kalamu, akaongeza o kwa ile ya mwisho mpaka zikafika ukingoni mwa karatasi. Sasa tunabeba jerikeni.

Usiwe na wasiwasi. Baba akiuliza nitafika nyumbani Kitengela lini, mwambie ni hapo, ya o moja.

Mwanao,
Wekesa