Picha ya Kichuguu

Bibiane, nimetoka kwa wazazi sasa hivi. Siamini.

Nimeuliza tu walikutana vipi.

Mwaka 1974 mama, mwalimu kijana, alisimamishwa na wanajeshi Makindye. Alikuwa amebeba kitabu cha watoto kuhusu wadudu. Mwanajeshi mmoja akaona picha ya kichuguu kilichopasuliwa katikati. "Hii ramani ya mahandaki ya nani?"

Mahandaki, Bibiane.

Siku hizo za udikteta watu walipotea kwa kosa dogo kuliko hilo. Mama akajibu, "Ni nyumba ya mchwa, afande. Malkia analala hapa."

Akanyang'anywa kitabu, akaachiliwa.

Wiki iliyofuata mwanajeshi yule yule akamfuata shuleni, bila bunduki. "Mwalimu, huyu malkia analishwa na nani?"

Ndiye baba.

Nikamgeukia. Alikuwa akitafuna polepole, macho kwenye sahani. "Lakini ilifanana na ramani," akasema.