Jina Linalotokea Kompyuta Ikiwashwa

Gladness mjukuu wangu,

Nimewahi shambani Makutupora kupogoa mizabibu. Ugali na mlenda viko jikoni, nimevifunika. Fundi akija kuweka upya mfumo wa kompyuta, mpe chai kwanza, kisha mwambie afute sehemu ya C tu. D asiiguse. Picha za bibi yako na nyimbo zake za kwaya nimezihamishia huko mwenyewe, kama tulivyofundishwa kwenye darasa la jioni la kompyuta: mfumo ukae kwake, na vitu vya mtu vikae kwake.

Jana uliniuliza, “Babu, kama kila kitu kiko D, unanuna nini tena?” Nikainuka nikatoka nje. Sikukukasirikia, mama. Jina la bibi yako ndilo halihamishiki. Kila nikiwasha, kioo kinaandika “Karibu, Dorkasi,” na maneno hayo ni ya mfumo, yatafutika pamoja nao. Tangu tumzike, nimekuwa nikiwasha hata nikiwa sina kazi nayo.

Fundi atauliza aandike jina la nani. ~~Mwambie Bartolomayo.~~ Mwambie Dorkasi. Akiuliza mwenyewe yuko wapi, mjibu ametoka.

Babu yako, Bartolomayo