Kucha za Shemeji Yako

Kaka yangu mpenzi,

Huku hatujambo. Kifua cha Mama kimepata nafuu. Paa la jikoni linavuja tena, pale pale ulipoliziba wiki aliyouawa mume wangu. Mkono wako ulijaa mikwaruzo, ukasema ni mabati. Mimi mwenyewe nilikupaka dawa.

Nimekukumbuka sana, hasa ulivyolia mazikoni. Watu walimwacha mjane wakaja kukushika wewe. "Nitamsaka aliyemuua shemeji mpaka nimpate," uliapa. Pumzika, tumeshampata.

Ile damu kavu iliyotolewa chini ya kucha za mume wangu ilikaa polisi miaka yote bila mtu wa kuisoma. Sasa wana mashine mpya. Mpelelezi, mama mmoja mpole, alinipitishia pamba mdomoni ili wajue tu ipi damu ya mke na ipi ya mgeni. Juzi akarudi, hanitazami usoni. Akasema damu ile ni ya mwanamume, ndugu yangu wa tumbo moja.

Nilicheka, kaka. Mama kazaa mara mbili tu.

Yeye sijamweleza. Nimemwambia unarudi nyumbani, basi tangu asubuhi anafua mashuka yako huku anaimba.

Usihangaike kujibu. Hao wawili waliokuletea barua hii si watu wa posta. Niliwaomba wakuache uisome hadi mwisho, nao wakakubali. Sasa inua macho.

Ni mimi dada yako,
mjane wa mkono wako