Mapacha wa Kutu

Jumatatu, 4 Machi 2019

Tumefunua chemba ya maabara! Siku tatu imeokwa, imeviringishwa karatasi ya alumini kama samaki, isibaki hata chembe ya hewa ndani. Sasa ni safi. Nimeingiza kipande cha oksidi ya titani, nikakipulizia mvuke wa chuma na oksijeni kidogo. Utando wa kutu, unene wa atomi moja tu. Mama kwenye simu: eti miaka minne nasomea kutengeneza kutu, na geti la nyumbani linaitoa bure! Nimecheka mpaka machozi.

Jumanne, 5 Machi

Picha! Sindano ya hadubini, inayopapasa badala ya kutazama, imepita juu ya utando, na visiwa vya kutu vimetokea viwili viwili, vyote vimeelekea upande mmoja. Hakuna aliyewahi kuona hivyo. Leo kanivali — Profesa Gumpold kaingia maabara na pua nyekundu ya mchekeshaji, katazama, kasahau kuivua. "Ottilie, hawa ni mapacha!" Keshokutwa anahutubia wageni wa nchi tisa, na picha yangu atawaonyesha. Veit, ninayegawana naye mashine, sasa ananiita Mama Mapacha. Nimekula krapfen tatu, maandazi ya kanivali, jemu ya aprikoti hadi kwenye sweta. Raha!

Jumatano, 6 Machi

Mungu wangu.

Nilikuwa naikagua picha. Pembeni kuna kidoa cha uchafu. Nacho kina pacha! Upande uleule, umbali uleule. Uchafu nao? Veit kainama, kaguna: "Mama Mapacha, sindano yako ina ncha mbili." Yaani kila kisiwa kimepapaswa mara mbili. Kosa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza! Nimeipiga sindano shoti ya umeme, ncha ikakaa sawa, nikapiga picha upya. Visiwa kimoja kimoja. Utando upo, tena mzuri ajabu. Mapacha ndio hakuna.

Profesa nimempigia mara tano. Hapokei, simu huwa anaisahau kwenye koti. Naona aibu, na bado najicheka — nilishaanza kuliona jina langu vitabuni.

Alhamisi, 7 Machi

Ukumbini, mstari wa nne. Nimemkamata Profesa mlangoni, kahawa mkononi. Nikasema yote kwa pumzi moja, nikampa picha mpya. Akaitazama. Akauliza nani kaligundua kosa. Mimi, nikasema. "Haya, nenda kakae." Basi! Hakukasirika, hakucheka. Simwelewi. Veit ananong'ona nifungashe virago. Mpuuzi.

Slaidi ya sita. Ya mapacha ni ya nane.

Ya saba. Anakunywa maji.

Hawa hapa — wakubwa kama ukuta! Hajaibadilisha! Watu wanaguna kwa mshangao, mzee wa mbele anaipiga picha kwa simu. Profesa kavua miwani, kashika ile picha mpya, ananitafuta kwa macho. "Hii ataieleza mwenyewe. Ottilie, njoo huku mbele."

Ukumbi mzima umegeuka. Veit ananisukuma na kiwiko —